Mlango Usiosema Kweli: Kuchunguza Komeo na Vioo vya Umeme vya Gari

Katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, gari limekuwa chombo cha nyumba nyingi. Mkulima akisha kuuza korosho zake mnadani, au ufuta wake baada ya mavuno, mara nyingi jambo alifikirialo baada ya bati la nyumba na ada za watoto ni chombo cha kumpeleka mama hospitali, mzigo sokoni, na wazee msikitini siku ya Ijumaa. Chombo hicho aghalabu ni gari lililokwisha kutumika Japani miaka kumi au zaidi, likashushwa katika bandari ya Dar es Salaam, likaja kusini kwa njia ya Kibiti, Nangurukuru na Mingoyo. Mnunuzi huisikiliza injini kwa makini, huyatazama magurudumu, na huisifu rangi. Lakini ni wachache wafunguao na kufunga milango yote minne kabla ya kulipa fedha, na wachache zaidi wapandishao na kushusha kila kioo.

Leo twataka kuzungumza na wasomaji wetu juu ya mambo mawili yanayodharauliwa katika gari: komeo la mlango pamoja na swichi yake ndogo, na kioo kiendacho kwa umeme. Huenda mtu akasema ya kwamba hayo ni mambo ya mafundi, hayana nafasi katika gazeti la nyumbani. Sisi twaona kinyume chake. Komeo ndilo limzuialo mtoto asianguke njiani. Swichi yake ndiyo iamuayo kama betri itakuwa hai usiku wa manane mgonjwa akizidiwa. Na kioo cha umeme kina nguvu ya kuubana mkono wa mtoto, wala hakijui tofauti ya mkono na mpira wa dirisha. Neno letu ni moja, nalo ni fupi: chunguza kwanza, ndipo ubadilishe.

WATU WA NACHINGWEA NA MASHINE

Watu wa Nachingwea si wageni wa mashine. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa kulima karanga katika Tanganyika, nao ulianza mwaka 1947. Sehemu zilizochaguliwa zilikuwa tatu: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kwa ajili ya Nachingwea palijengwa bandari yenye kina huko Mtwara, na reli ya kutoka pwani kuja bara. Yaliletwa matrekta yaliyokwisha kutumika, yaliyokusanywa kutoka nchi mbalimbali, na hata vifaru vya vita viligeuzwa kuwa matrekta. Mwezi wa Januari mwaka 1951 serikali hiyo ilitangaza kuuacha mpango kwa ukubwa wake wa kwanza, baada ya mamilioni ya pauni kuteketea. Reli yenyewe ilifungwa katika miaka ya mwanzo ya 1960.

Sababu za kushindwa zilikuwa nyingi, lakini mojawapo yatuhusu hapa. Mashine ziliharakishwa kuja kabla ya kuijua ardhi itakayozitumikisha, wala hapakuwa na spea za kutosha na mafundi wenye uzoefu wa kuzitunza. Mashine iliyoharibika ilisimama, na nyingine ikaletwa mahali pake. Mtu abadilishaye kifaa baada ya kifaa katika mlango wa gari lake, bila ya kujua ni kipi kilichoharibika, afanya jambo lile lile kwa kipimo kidogo, na fedha inayoteketea ni ya watoto wake.

KOMEO NA SWICHI YAKE

Ukifungua mlango wa gari na kuutazama ukingo wake, utaona mwanya mdogo wenye kipande cha chuma mfano wa uma. Hilo ndilo komeo. Katika nguzo ya bodi, mkabala wa komeo, pana kipete kinene cha chuma kilichokazwa kwa skrubu. Mlango ukifungwa, uma huzunguka na kukikamata kipete. Kukamata huko kuna hatua mbili, na sikio laweza kuzisikia: mlio wa kwanza na mlio wa pili. Hatua ya kwanza ni ya tahadhari tu, yauzuia mlango usifunguke wote lakini haujafungwa sawasawa. Hatua ya pili ndiyo ya salama.

Sasa gari lazima lijue kama mlango umefungwa au la. Kazi hiyo hufanywa na swichi ndogo, nayo ni ya namna mbili. Katika magari mengi ya zamani kidogo, swichi ni kitufe kilichovalishwa kofia ya mpira, nacho kimekazwa kwa skrubu moja katika nguzo ya mlango. Mlango ukifungwa hukisukuma kitufe ndani, na ukifunguliwa hukiachia. Katika magari mengine swichi imefichwa ndani ya komeo lenyewe, haionekani mpaka ubao wa ndani wa mlango utolewe.

Kwa namna zote mbili maana ni moja. Katika magari mengi, mlango ukiwa wazi swichi huunganisha waya wake na bodi ya gari, na bodi ndiyo upande hasi wa betri. Hapo taa ya ndani huwaka, na alama nyekundu ya mlango huonekana katika dashibodi. Mlango ukifungwa, muungano hukatika na taa huzimika. Na katika baadhi ya magari husubiri sekunde kadhaa kwanza, jambo ambalo si ubovu. Habari hiyo hiyo hutumiwa na king'ora cha wizi na na loki ya pamoja, ile ifungayo milango yote kwa mara moja. Kwa hiyo swichi moja ikidanganya, gari zima hudanganyika.

UONGO WA NAMNA MBILI

Swichi yaweza kusema uongo wa namna mbili. Uongo wa kwanza ni kusema kwamba mlango uko wazi hali umefungwa. Hapo taa ya ndani haizimiki, king'ora hulia usiku bila ya mwizi, na loki ya pamoja hukataa kufunga au hufunga kisha ikafungua yenyewe.

Tufanye hesabu ndogo ili tuone hasara yake. Balbu ya ndani ya wati 10 katika umeme wa volti 12 hula kiasi cha ampea 0.8. Kwa saa 24 itakuwa imekula karibu ampea-saa 20. Betri ya gari dogo aghalabu ni ya ampea-saa 35 hadi 45 ilipokuwa mpya. Basi mchana mmoja na usiku mmoja wa balbu hiyo humaliza karibu nusu ya nguvu ya betri, na betri iliyochoka haitaweza tena kuizungusha injini. Nyumba iliyo kijijini, mbali na Hospitali ya Wilaya ya Nachingwea au ile ya Ndanda, haiwezi kuyahesabu hayo kuwa ni mambo madogo. Mama aliyeshikwa na uchungu hatasubiri betri ichajiwe.

Uongo wa pili ni mbaya zaidi, nao ni kusema kwamba mlango umefungwa hali uko wazi. Alama nyekundu haionekani, dereva ana moyo mkunjufu, na mlango wa nyuma umeshikwa na hatua ya kwanza tu ya komeo. Mtoto akiuegemea katika kona, ile hatua ya kwanza ndiyo peke yake iliyo kati yake na barabara.

Na upo uongo wa tatu, ambao si wa swichi bali ni wetu wanadamu. Taa ya hatari ikiwaka kila siku, jicho huizoea. Wengine huiziba kwa kipande cha karatasi, wengine huitoa balbu ya ndani, wengine hukata waya ili kelele ikome. Betri huokoka, ni kweli, lakini shahidi amezibwa mdomo. Siku mlango utakapokuwa wazi kweli kweli hapatakuwa na wa kusema.

KUUCHUNGUZA MLANGO

Uchunguzi wafaa uanze na lile lililo rahisi na lisilo na gharama, kisha uende kwenye lililo gumu. Mpango wake ni huu.

Kwanza, itazame taa ya ndani yenyewe. Kwa kawaida ina swichi ya nafasi tatu: kuwaka daima, kuzimika daima, na nafasi ya kati iliyoandikwa DOOR, ambayo huifanya iwake mlango ufunguliwapo. Huenda mtoto ameisogeza tu, na hapana kilichoharibika.

Pili, hakikisha kwamba mlango umefungwa kweli. Simama nje na ulinganishe ukingo wa mlango na bodi iliyo karibu nao. Ukiwa umetokeza nje kuliko mwenziwe, komeo limeshika hatua ya kwanza tu. Hapo swichi yasema kweli na haina kosa. Tazama kama bawaba zimelegea, kama kipete cha nguzo kimesogea au kimeliwa, au kama mpira wa mlango umetoka mahali pake.

Tatu, tafuta ni mlango upi. Funga yote, kisha mtu mmoja akae ndani akiitazama alama ya dashibodi, na mwingine asukume kila mlango kwa kiganja, mmoja baada ya mmoja. Alama ikizimika au ikipepesa mlango fulani usukumwapo, umempata mshukiwa. Usisahau mlango wa nyuma wa mizigo, kwani nao una swichi yake.

Nne, kama swichi ni ile ya kitufe katika nguzo, fungua skrubu yake moja na uivute taratibu, kisha uchomoe waya. Taa ikizimika, swichi ndiyo iliyong'ang'ania. Taa ikiendelea kuwaka, na milango mingine yote imefungwa, basi swichi haina lawama. Waya umechubuka mahali fulani na unagusa bodi, au swichi ya mlango mwingine ndiyo mbovu. Ikiwa tatizo lilikuwa taa kutowaka kabisa, uguse ule waya kwenye chuma kitupu cha bodi. Taa ikiwaka, swichi imekufa, au skrubu yake imeota kutu hata haifikishi umeme katika bodi. Kusugua kutu hiyo kwa msasa mara nyingi hutosha. Angalia tu waya usirudi ndani ya nguzo. Ubane kwa kibanio, kwani kuutoa tena ni kazi ya nusu siku.

Tano, kama swichi imo ndani ya komeo, fungua mlango, chukua bisibisi, usukume ule uma mpaka usikie milio miwili, kana kwamba mlango umefungwa. Alama ikizimika, swichi ni nzima na ubovu umo katika mkao wa mlango au kipete. Isipozimika, swichi au waya wake una kasoro. Hapa twamwonya msomaji kwa nguvu: kabla ya kuufunga mlango, vuta mkono wa mlango ili uma urudi wazi. Ukiusahau, uma uliofungwa utagongana na kipete na komeo zima litavunjika.

Sita, tazama ule mpira mwembamba mfano wa bomba, upitao kati ya mlango na bodi karibu na bawaba. Ndani yake mna nyaya zinazopinda kila mlango ufunguliwapo. Baada ya miaka mingi ganda lake hukatika, kisha shaba yenyewe. Utikise mpira huo huku ukiitazama alama. Ikipepesa, ubovu umo humo, wala kununua komeo jipya hakutasaidia kitu. Mlango wa dereva, kwa kuwa hufunguliwa mara nyingi kuliko yote, ndio wa kwanza kushukiwa.

Mwisho wa yote, safisha kabla ya kununua. Vumbi likichanganyika na grisi ya zamani huwa gumu kama udongo wa tofali, nalo huzuia uma na swichi kurudi mahali pake. Dawa ya kusafishia vifaa vya umeme, ikifuatwa na grisi nyepesi kidogo kwenye uma, imeyafufua makomeo mengi yaliyokwisha kuhukumiwa kufa.

KIOO KIENDACHO KWA UMEME

Vioo visivyozungushwa kwa mkono si jambo la juzi. Kampuni ya Packard ya Marekani iliviweka katika magari yake ya fahari mwaka 1940, navyo vilisukumwa kwa nguvu ya mafuta yaliyo katika mabomba. Baadaye mota ndogo za umeme zikachukua kazi hiyo, na leo hata gari dogo la mtumba linazo nne.

Mota hiyo ina nyaya mbili. Ukiupeleka umeme kwa upande mmoja kioo hupanda. Ukiugeuza, kioo hushuka. Swichi haifanyi kazi nyingine ila kuugeuza mkondo huo. Swichi kubwa iko katika mlango wa dereva, na katika magari mengi umeme wa milango mingine hupitia hapo. Ndipo pia palipo kitufe cha kuzuia abiria wasiviendeshe vioo vyao. Mota nayo huvuta kamba ya chuma au huzungusha mikono ya mkasi, na hivyo kioo husukumwa ndani ya mifereji ya mpira.

Kioo kikikataa, swali la kwanza liwe hili: ni vyote, au ni kimoja? Vikikataa vyote kwa pamoja, usifungue mlango wowote bado. Tazama fyuzi, kisha relei, kisha swichi ya dereva. Vikikataa vya abiria tu na cha dereva chaenda, bonyeza kile kitufe cha kuzuia. Wapo waliolipa fedha kwa sababu ya kitufe hicho tu. Fyuzi ikiwa imeungua, weka nyingine ya kipimo kile kile. Haifai kabisa kuweka kipande cha waya au karatasi ya sigara mahali pake, kwa kuwa fyuzi ndiyo ifayo ili gari lisiungue.

Kikikataa kimoja tu, jaribu swichi zote mbili, ya mlango wenyewe na ya dereva. Kikienda kwa moja na kukataa kwa nyingine, mota na kamba ni nzima. Mbovu ni swichi iliyokataa au waya wake. Katika magari mengi swichi za milango miwili ya nyuma zafanana, basi zibadilishane kwa dakika chache. Ubovu ukihama pamoja na swichi, umempata mwizi bila ya gharama.

Kikikataa kwa swichi zote mbili, lipo jaribio moja zuri lisilohitaji chombo chochote. Usiku, acha taa ya ndani ikiwaka, washa ufunguo bila ya injini, kisha bonyeza swichi ya kioo huku ukiitazama taa. Ikififia kidogo, mota inavuta umeme lakini imekwama, au kioo kimebanwa. Isipofifia hata kidogo, umeme haupiti kabisa. Tafuta waya uliokatika, swichi, au mota iliyokufa. Ili kuzitenganisha hizo, fundi hutoa ubao wa mlango na kuunga taa ya majaribio, yaani balbu ndogo ya volti 12 yenye nyaya mbili, katika plagi ya mota. Swichi ikibonyezwa na taa ikawaka kwa pande zote mbili, ya kupanda na ya kushuka, umeme umefika na mota ndiyo yenye ugonjwa. Isipowaka, mota haina hatia. Rudi nyuma kwenye nyaya na swichi. Ila plagi na nyaya zenye rangi ya manjano zisiguswe kwa taa hiyo hata kidogo, kwani kwa kawaida ni za mifuko ya hewa ya usalama, nayo yaweza kulipuka.

Zipo dalili nyingine zisemazo zenyewe. Mota ikisikika yazunguka lakini kioo hakiendi, kamba imekatika au meno yameliwa. Kioo kikipanda nusu kisha kikashuka chenyewe, mifereji ni mikavu, na mtambo wa usalama wadhani kwamba umekuta mkono. Kioo kikigoma baada ya watoto kukichezea mara nyingi, subiri dakika kadhaa. Mota nyingi zina kinga izikatiayo umeme zinapopata moto, kisha hurudi zenyewe. Na betri ikisha kutolewa na kurudishwa, kioo chenye kujiendesha kwa mguso mmoja chaweza kusahau mwisho wake. Katika magari mengi hufundishwa tena kwa kukipandisha hadi juu na kuishikilia swichi sekunde chache.

VUMBI LA KIANGAZI NA MAJI YA MASIKA

Ardhi yetu ya kusini ina adui wawili wa milango. Kiangazi, njia za vijijini hutoa vumbi jembamba lipenyalo kila mwanya. Vumbi hilo hukaa katika mifereji ya mpira, nalo huwa kama msasa unaokisugua kioo na kuilemea mota. Dawa yake ni kitambaa chenye maji kipitishwe ndani ya mfereji mpaka kitoke safi, kisha silikoni ya kupuliza. Mafuta ya injini yasitumiwe. Huulainisha mpira vibaya na kuliita vumbi jingine lije lishikane.

Masika, maji hupita kandokando ya kioo na kuingia ndani ya mlango. Hayo ni ya kawaida, na chini ya mlango pana vitundu vya kuyatoa. Tope likiviziba, mlango huwa mtungi, na swichi na mota huogelea. Kijiti kimoja na dakika tano hutosha kuvizibua. Fundi naye aagizwe kuirudisha ile karatasi ya nailoni iliyo nyuma ya ubao wa mlango, maana ndiyo izuiayo maji yasifike ndani ya gari.

Liko jambo la kuzingatia hapa. Ndani ya mota ya kioo mna vipande viwili vidogo vyeusi viitwavyo brashi, ambavyo huufikisha umeme katika sehemu izungukayo. Vipande hivyo hutengenezwa kwa kaboni pamoja na kinywe, madini yale yale yaliyomo katika ardhi ya Ruangwa. Brashi zikiliwa, mota huenda siku nyingine na kukataa siku nyingine. Ukigonga mlango kwa ngumi taratibu huku umebonyeza swichi, na kioo kikashtuka na kwenda, yaelekea brashi zimekwisha. Kijana wa Ruangwa anayeyaona mawe ya kinywe yakichimbwa afaa ajue pia kazi yake katika mlango wa gari la baba yake.

WATOTO KWANZA

Wazazi wote twawaomba wayashike haya. Kitufe cha kuzuia vioo vya abiria kifungwe kila watoto wawapo nyuma. Kidude kidogo kilicho katika ukingo wa mlango wa nyuma, kizuiacho mlango usifunguliwe kwa ndani, kijaribiwe kwa mkono, kwani nacho hukwama kwa vumbi. Kabla ya kupandisha kioo, dereva ageuke atazame, asitegemee sikio. Magari mengi ya zamani hayana ule mtambo wa kukirudisha kioo kikutanapo na kitu, na swichi zake za kubonyeza zaweza kukanyagwa kwa goti la mtoto anayechungulia nje. Dereva ashukapo, aondoke na ufunguo.

Tena mtoto asiachwe ndani ya gari lililofungwa, hata kwa muda wa kununua chumvi. Joto la ndani ya gari lililo juani laweza kupanda kwa nyuzi 10 za Selsiasi katika dakika 10 tu. Komeo likikwama na kioo kikigoma kwa wakati mmoja, gari huwa tanuri. Likitokea hilo, bei ya kioo isifikiriwe. Kivunjwe kile kilicho mbali na mtoto, naye atolewe.

FUNDI NA MWENYE GARI

Mwenye gari ampelekeapo fundi ufunguo, amempa amana, na fundi ni mchungaji wa mali ya mwenziwe. Kusema kwamba mota imekufa bila ya kuipima, kisha kuuza mota nyingine, ni kula mali ya mtu pasipo haki, hata kama kwa bahati kioo kitapanda. Na kukata waya wa taa ya mlango ili mteja aondoke ameridhika ni kumwachia hatari iliyofichwa.

Lakini mwenye gari naye ana wajibu. Asimshurutishe fundi amalize kwa nusu saa kazi ya saa mbili, kisha amlaumu. Akubali kulipia uchunguzi, maana ujuzi ni kazi kama kazi nyingine. Aulize kwa adabu maswali matatu: umejuaje kwamba ni kifaa hiki? Waweza kunionyesha? Nitarudishiwa kile cha zamani? Fundi mwaminifu hatayachukia maswali hayo. Atafurahi kupata mtu wa kumwonyesha kazi yake.

Kwa vijana wetu twasema hivi. Taa ya majaribio hupatikana kwa balbu ya zamani na nyaya mbili. Kichwa chenye kupanga mambo, kuanza na rahisi na kuyatenga moja baada ya jingine, hakinunuliwi dukani. Vyuo vya VETA hufundisha umeme wa magari, na milango hii imo katika magari yote yapitayo kati ya Nachingwea na Ruangwa, hata yaliyo mapya kabisa. Kijana atakayejulikana mjini kuwa hapimi kwa kukisia wala hauzi asichokithibitisha, hatakosa riziki.

Na kwa kila nyumba yenye gari, kazi yaweza kuanza jioni ya leo. Fungueni na mfunge milango yote, msikilize milio miwili, mtazame alama katika dashibodi, mpandishe na mshushe kila kioo. Robo saa yatosha. Yule mdogo kuliko wote nyumbani apewe kazi ya kutazama taa, ili ajue tangu utotoni kwamba taa ya hatari haizibwi, bali huulizwa sababu yake. Mwenyezi Mungu azilinde safari zenu, na awajaalie mafundi wetu mikono yenye ujuzi na ndimi zenye kweli. Amin.